Tupeane uzoefu: kazi gani ya kushona uliyojitosa kabla hujaiva?

mama_twins_tegeta
Habari zenu wapendwa. Naanza mimi ili msione aibu. Nilikuwa na miezi mitatu tu tangu ninunue cherehani, nilichokuwa naweza ni foronya, mapazia na zile dera za kupita moja kwa moja, mdogo wangu akapata tarehe ya sendofu na mdomo wangu ukasema "gauni niachie mimi". Na siyo gauni la mchezo, koseti, satini juu lesi, mkia wa samaki. Nikaingia Kariakoo nikanunua kila kitu pamoja na zile fito za plastiki za kusimamisha kifua, nikarudi nyumbani najiona fundi.

Basi nikachora vipande 10 kwenye gazeti, nikapima nikajumlisha, kiuno chake 30, nikapata 30 kamili, nikafurahi nikakata satini siku hiyo hiyo. Kuunganisha vyote usiku, saa saba namalizia, nalizungusha gauni mwilini kwa yule bibi harusi mtarajiwa aliyekuwa anasinzia kwenye kochi, halizunguki. Nikavuta. Akaamka. Nikamwambia toa pumzi, akatoa, bado kuna uwazi ambao paka angepita.

Nilisahau akiba ya mshono jamani. Nusu inchi kila ukingo, vipande 10 vina kingo 20, hesabuni wenyewe, inchi 10 zote zimeliwa. Kiuno kimekuwa 20, cha mtoto wa darasa la pili huko. Nilikaa chini pale pale kwenye mabaki ya satini nikalia na mkasi mkononi.

Kilichoniokoa ni mabaki yenyewe. Nilifumua ubavuni kulia na kushoto nikaingiza kipande kila upande cha kuongeza inchi 3, hizo ni 6, halafu zipu nikaitupa nikaweka vitanzi vya kamba mgongoni, kamba ikaachia uwazi wa inchi 4 nikaufunika kwa ndani na kipande cha lesi. Watu walidhani ndo mshono wenyewe. Ila kuna fito moja chini ya kwapa la kushoto ilitoboa bitana wakati wa kuserebuka, sikuwa nimeyeyusha ncha yake kwa kiberiti, kwa hiyo ukiangalia picha za sendofu kuanzia saa tatu usiku mdogo wangu kashika kiuno kwa mkono wa kushoto kila picha. Amependeza lakini.

Haya, nani mwingine?

pindo_na_mji
Mimi niko Mombasa, yangu ni ndogo lakini iliniuma. Sketi ya shule ya binti yangu, yenye marinda. Nikajiambia sketi ya shule itanishinda? Kiuno 26 nikakata kitambaa inchi 30 nikaona nimeacha na ya ziada. Kuanza kukunja marinda, kunja la kwanza, la pili, la tano... nikabaki na sketi ya mdoli. Kumbe marinda yanayolalana vizuri yanakula kitambaa mara tatu, yaani kwa 26 unahitaji 78. Alienda shule Jumatatu na sketi ya mwaka jana, fupi, akarudishwa na barua.

bi_shumizi
Mie Unguja. Nyinyi mmeharibu nguo, mie niliharibu swala ya mtu 😂

Nilikuwa nshashona shumizi na mabaibui mepesi, Ramadhani moja nikasema mwaka huu kanzu ya Idi ya baba watoto nnashona mwenyewe, kwani kanzu kitu gani, nyeupe tu imenyooka. Nikachukua yake kongwe nikaifumua nipate kuifatisha. Badani, ile ya kifua na mgongo, nikaielewa, taharizi, vile vipande vya ubavuni, nikazielewa, shingo ilintoa jasho lakini ikakaa. Sasa kukawa na kile kipande kidogo cha pembe nne, kikwapa, kushona kipande kidogo vile kwenye kona nne nimejaribu mara tatu kinajikunja, nikakiona kama urembo tu, nikakiwacha. Nikaunganisha mkono na ubavu moja kwa moja. Kaivaa asubuhi, kajitazama kwenye kioo, kafurahi, kanipa na mkono wa Idi.

Wanaoswali wanajua. Takbira za Idi ni 7 rakaa ya mwanzo baada ya ile ya kufungulia, na rakaa ya pili 5, na kila moja mikono juu. Anasema ya kwanza ilikaza. Ya tatu ikalia trrr kwapa la kulia. Ya tano la kushoto. Rakaa ya pili akawa ananyanyua mikono nusu kama mtu anayefukuza nzi, na aliye pembeni yake ni mkwewe, yaani baba yangu. Kikwapa ndo kinachoupa mkono nafasi ya kunyanyuka, si urembo hata kidogo. Nimekijua siku ile.

pindo_na_mji
"ya tano la kushoto" 😂😂 nimecheka hadi chai imemwagika

fundi_moro
Nawasoma tu. Mimi niko kwenye hii kazi mwaka wa 19 na karibu kila wiki anakuja mtu na mfuko wa vipande anasema fundi nisaidie. Shida yenu ni moja, mnakwenda moja kwa moja kwenye kitambaa cha bei. Nunua marekani, ule mweupe wa bei ndogo, au chukua shuka kuukuu, shona gauni zima kwa mishono mirefu, mvalishe mtu, mkalishe, mwambie anyanyue mikono, aokote kitu chini. Penye kubana chora na kalamu. Ukishamaliza ufumue na huo ndo mchoro wako. Dada wa Tegeta ungelia kwenye marekani usingelia kwenye satini.

Halafu solo, ile sketi inayokatwa duara zima. Wengi wakitaka sketi ya solo wanachukua kiuno wanagawa kwa mbili, kiuno 28 wanapiga duara la inchi 14 kutoka katikati, wanapata tundu la kuingia watu watatu. Gawa kwa 6.28. Inakuja kama nne na nusu hivi, toa nusu ya mshono, piga duara la inchi 4 kutoka katikati. Na ukishakata iningʼinize usiku kucha kabla ya kupinda chini, maana palipokatwa mshazari panashuka penyewe, ukipinda siku hiyo hiyo kesho pindo linakwenda mawimbi.

koti_moja
Fundi moro shikamoo. Mimi mwanaume, nimejifunza kwa video tu. Nina koti la suti niliianza kwa ajili ya graduesheni yangu, graduesheni imepita, nimeajiriwa, nimeacha kazi, koti bado liko kwenye mfuko na mkono mmoja. Kola imekaa, mifuko imekaa, gamu, kile kitambaa cha kukazia kwa ndani, nimebandika vizuri haijatoa malengelenge. Mkono ndo unanishinda. Ule mduara wa mkono ni mkubwa kuliko tundu la bega, kama inchi moja na nusu, nimepima mara mia nikajua nimekosea kukata, nikaupunguza, ukakaa ila sikuweza kukunja kiwiko.

fundi_moro
Marahaba. Hukukosea, ndivyo unavyotakiwa kuwa. Piga mistari miwili ya mishono mirefu juu ya mkono, vuta uzi pole pole ule mzidio ujikusanye bila kufanya marinda, upige pasi ya mvuke kwanza, ndo uushone. Anzia juu bega, shuka mbele, kisha nyuma.

koti_moja
Ngoja nijaribu sasa hivi umeme upo.

mama_twins_tegeta
Tunasubiri picha kaka

koti_moja
Umekaa! Hauna hata kunja moja, bega limejaa kama la dukani.

Ila kiwiko kinaangalia mbele badala ya nyuma. Nimeshona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto.