Nimemnyang'anya binti yangu riwaya, sasa hanisimulii tena. Nisaidieni

Mama wa Kihonda:

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Morogoro. Mkubwa ni binti wa miaka 15, yuko kidato cha pili. Naombeni ushauri, na kama humu kuna vijana wa umri wake nawaomba nao waseme, maana wazazi huwa tunajadili vitabu vyao wenyewe wakiwa hawapo.

Binti yangu anapenda kusoma tangu darasa la nne. Raha yangu ilikuwa jikoni. Akimaliza kitabu ananifuata napika, anavuta kigoda, ananisimulia mwanzo mpaka mwisho, sauti za watu anaziigiza. Alipomaliza Takadini alinisimulia Sekai anavyotoroka usiku na mtoto wake mchanga, asije akauawa kwa sababu amezaliwa na ualbino. Mwiko ukasimama mkononi mwangu, ugali ukashika chini. Tulikula na harufu ya moshi siku hiyo na hakuna aliyelalamika.

Wiki tatu zilizopita nilimkuta saa tano usiku ndani ya chandarua, kawasha tochi ya simu, anasoma Rosa Mistika. Kitabu cha kuazima kwa rafiki yake, jalada limetoka, mgongoni kimebandikwa salotepu. Nilikifungua katikati nikakutana na ukurasa ambao Rosa yuko na mwanamume. Nikasoma mistari kama sita, nikakifunga, nikaondoka nacho. Kipo kabatini chini ya vitenge mpaka leo. Sikusema neno, na yeye hakusema neno.

Tangu siku hiyo hajaniletea hadithi hata moja. Kusoma anasoma, namwona. Nikimuuliza kitabu kikoje anajibu "kizuri, mama", anaosha vyombo, anaenda kulala. Hana kiburi. Shikamoo anatoa, kazi anafanya. Ila jikoni niko peke yangu.

Nimrudishie? Kitabu hicho kinamfaa kwa umri wake? Na watoto wenu wa miaka 13 hadi 17 wanasoma nini siku hizi, na wanasemaje?

Mzee wa Ilala:

Dada, mimi nakuunga mkono. Nilikisoma hicho kitabu nikiwa kijana na nakikumbuka vizuri. Yule binti anaishia kujiua. Hilo ni jambo zito kwa mtoto anayesoma peke yake usiku wa manane. Ningekitunza mpaka afike kidato cha tano. Ulichokosea ni kukichukua kimya kimya. Mtoto aambiwe sababu.

Mwalimu wa Geita:

Nafundisha Kiswahili sekondari huku Geita mwaka wa kumi na moja sasa. Mzee wa Ilala ana hoja kuhusu mwisho wa kitabu, lakini mama, naomba ukitoe hicho kitabu chini ya vitenge na ukisome mwenyewe, kuanzia ukurasa wa kwanza. Mwandishi wake, Kezilahabi, alikitoa mwaka 1971, na wakati fulani kilizuiwa mashuleni kwa sababu hiyo hiyo iliyokushtua wewe. Baadaye kikaruhusiwa, watu wakakifanyia mtihani. Mistari sita ya katikati haikuambii Rosa amefikaje pale. Kuna nyumba aliyotoka, kule Ukerewe, na kuna baba. Usome huko kwanza.

Kuhusu vijana wanasemaje: wanasema mengi sana, tatizo ni swali tunalowauliza. Nimefundisha Takadini miaka mingi. Kila mwaka nauliza dhamira, napewa "mila potofu", "mapenzi ya mama kwa mtoto", "unyanyapaa". Majibu sahihi, alama napa. Mwaka jana niliacha. Nikaandika ubaoni: "Ni nani ndani ya kitabu hiki ungependa kumuuliza swali, na ungemuuliza nini?" Kuna mvulana hukaa dirishani, hajawahi kunyoosha mkono tangu kidato cha kwanza. Akasimama akasema, "Makwati. Ningemuuliza kama alipata usingizi usiku ule mke wake alipoondoka na mtoto."

Darasa lilikaa kimya. Hawa watoto ni wadogo, lakini wazazi wao wanaikumbuka miaka ile ya 2007 na 2008, watu wenye ualbino walipokuwa wanauawa huku Kanda ya Ziwa. Kitabu kinahusu Washona wa Zimbabwe, na jina lenyewe Takadini maana yake ni "tumefanya nini?" Siku hiyo nadhani kila mmoja mle ndani alilisikia swali hilo kwa mara ya kwanza, na mimi nikiwemo.

Binti wa Tanga:

Shikamooni wote. Nina miaka 16, niko kidato cha tatu. Mama umesema vijana tuseme, basi nasema.

Darasani tunasoma Watoto wa Mama N'tilie. Zita na Peter wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya ada na sare, baba yao Lomolomo mlevi, mama anauza chakula. Wote tunaandika "umaskini" na "ulevi". Mimi kilichonikaa ni wale watoto kwenda jalalani. Mdogo wangu alishawahi kurudishwa nyumbani kwa sababu hana viatu vyeusi. Nilivyofika sehemu ile niliweka kitabu chini nikaenda kumwangalia amelala. Mtihani hauulizi hilo kwa hiyo sijawahi kumwambia mtu.

Kingine nilichosoma ni Siku Njema ya Ken Walibora, mjomba alikuja nacho kutoka Mombasa. Kongowea Mswahili ni mtoto wa huku kwetu Tanga, mama yake Zainabu Makame ni mwimbaji, na baada ya mama kufariki anaenda Kenya kumtafuta baba yake mpaka Kitale. Nilikipenda kwa kuwa sikuwahi kukutana na mtu wa Tanga kitabuni ambaye ni mtoto. Lakini nitasema ukweli, shida zimezidi. Ukifika kati unajua kabisa akipata kitu kizuri kitaondoka, kwa hiyo unaanza kuogopa kufurahi. Rafiki yangu anasema maisha ndiyo yalivyo. Mimi nasema hata kwetu tunaoishi kwa shida kuna siku tunacheka mpaka mbavu zinauma, mbona siku hizo hawaziandiki?

Halafu mama, kuhusu binti yako. Mama yangu akinichukulia kitabu sitamchukia. Ila nitaanza kuogopa kumwambia ninachosoma, kwa sababu anaweza kuniuliza kwa nini nimekipenda na mimi mwenyewe bado sijajua. Mimi hujua nikiwa nasimulia.

Mama Kelvin, Mwanza:

Wa kwangu ana miaka 13, wa kiume, anasoma hadithi za kwenye WhatsApp tu. Sehemu ya 1, sehemu ya 2, ikifika pazuri unaambiwa ulipie ndiyo utumiwe iliyobaki. Nilikuwa namgombeza. Siku moja umeme ulikatika nikamwambia haya nisomee. Ilikuwa sehemu ya 41. Kesho yake mimi ndiye niliyemuuliza 42 imetoka? Lugha yake ina makosa mengi, hilo nalisema, na yeye mwenyewe sasa anayaona anaponisomea kwa sauti, anarudia sentensi anairekebisha.

Kijana wa Likoni:

Hamjambo nyote. Nina miaka 17. Shuleni wenzangu wengi huanza na mwongozo, kile kijitabu cha uchambuzi wa riwaya, wanajua nani atakufa kabla hawajajua anaitwa nani. Mimi Kidagaa Kimemwozea nilikisoma likizoni, hakuna aliyenilazimisha. Kuna Amani, kijana aliyeandika mswada, na Mwalimu Majisifu anauiba anauchapisha kwa jina lake. Nilipogundua hivyo nilikifunga kitabu siku mbili. Mimi naandika mashairi kwenye daftari na hakuna anayejua ila mamangu.

Mamangu si msomaji, ni fundi wa nguo. Nilimweleza kisa cha Amani akiwa kwenye cherehani. Akasimamisha mguu. Akanieleza juu ya fundi mwenzake aliyewahi kuchukua mtindo wake wa dera, akaushona kwa wingi, akauza mtaa mzima, naye akanyamaza kwa sababu walikuwa wanaswali pamoja. Sikuwa nimewahi kuisikia hadithi hiyo maisha yangu yote. Mama wa Kihonda, pengine binti yako naye hajui wewe ulikuwa unasoma nini ulipokuwa na miaka 15, au ulinyimwa nini.

Baba Yusra, Muscat:

Assalaam alaykum. Sisi asili yetu Unguja, watoto wamezaliwa huku Oman. Kijana wangu ana miaka 16, Kiswahili anakisema nyumbani lakini kukisoma kunamchosha. Nilimchukulia Peponi, ile Paradise ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 aliyoifasiri Ida Hadjivayanis ikatoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobel. Tunasoma baada ya isha, kurasa nne nne, mimi moja yeye moja.

Yusuf ana miaka 12 anapoondoka na tajiri Aziz, anadhani ni jamaa yake na wanakwenda kutembea tu. Kumbe baba yake ana deni na mtoto ndiye rehani. Nilimwona mwanangu kakunja uso. Akaniuliza, "Na mama yake alijua?" Tukakaa hadi saa tano. Akanitaka nimwambie kama mimi nimewahi kudaiwa mpaka nikakosa la kufanya. Nikamwambia ndiyo, na nikamwambia mwaka gani.

Dada yangu, na humo mna mambo ya kikubwa vilevile. Tulipoyafikia tuliyafikia wawili, tukayasoma, tukaendelea. Mimi ushauri wangu ni huo, some naye.

Mama wa Kihonda:

Nimechelewa kurudi, nisameheni. Asanteni wote. Mzee wa Ilala, na wewe asante, ulichosema kuhusu mwisho kimenisaidia kuliko unavyodhani.

Nimekisoma chote kwa usiku tatu. Sikuwahi kukisoma shuleni, nilisikia tu watu wakisema ni kitabu kibaya. Mapema kabisa kuna mahali Zakaria, baba yake Rosa, anaipata barua aliyoandikiwa binti yake na mvulana. Anaisoma. Halafu anampiga. Nilikiweka kitabu chini nikaenda kunywa maji, nikakaa uani muda mrefu. Mimi sijampiga mwanangu. Lakini nilisoma mistari sita.

Jumamosi nimekirudisha. Nilikivalisha kava la karatasi ya kalenda kwa kuwa ni cha watu, nikakiweka kwenye meza ya jikoni. Nikamwambia nilikosea kukichukua bila kuongea naye, kwamba nimekisoma chote, na kwamba kinaishia pazito, kwa hiyo akikaribia mwisho aniambie tukae wote, asimalize peke yake usiku.

Akakigeuza geuza. "Umekisoma chote?" Nikamwambia chote. "Kwa hiyo unajua kama Zakaria atakuja kumwomba msamaha?"

Nikamwambia najua.

"Usiniambie," akasema, akavuta kigoda.

Amenisimulia pale alipoishia siku ile, na zile kurasa mbili tatu zilizonishtua amezisimulia pia, kwa sauti ya chini, ananiangalia usoni. Anasema Rosa anamuudhi na anamwonea huruma kwa wakati mmoja, na hajui lipi ni kubwa. Nikamwambia hata mimi sijui.

Binti wa Tanga, mwulize mjomba wako Siku Njema alikinunua duka gani. Nimezunguka maduka mawili hapa mjini sijakipata, na binti yangu ameshasoma ulichoandika, anataka kuona kama ni kweli shida zimezidi.