Mjadala: Ubingwa wa dunia wa chesi wa wanawake ubaki, vyeo vya wanawake vifutwe

Wadau, salaam. Kila pambano la ubingwa wa dunia wa chesi kwa wanawake likichezwa, swali ni lile lile: kwa nini wawe na ubingwa wao peke yao? Chesi haitaki misuli. Basi wakae meza moja na wanaume na atakayeshinda ashinde. Hoja hii nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, wakiwemo makocha wanawake, na naielewa. Ila naona inafunga kamba moja vitu viwili visivyofanana: pambano la taji, na vyeo, yaani majina ya heshima kama grandimasta ambayo mchezaji hupewa akifika kiwango fulani. Mimi nasema pambano libaki na liongezewe fedha. Vyeo viondoke.

Tuanze kwa kuweka sawa jambo ambalo wengi hulikosea. Ubingwa wa dunia alioutwaa Gukesh wa India kule Singapore mwaka 2024 si wa wanaume, ni wa wote. Mwanamke akifuzu anacheza. Judit Polgar wa Hungaria alikuwa mmoja wa wachezaji wanane waliogombea taji hilo San Luis, Argentina, mwaka 2005. Kwa hiyo taji la wanawake halimzuii mtu kwenda kwingine. Vera Menchik, aliyelitwaa kwa mara ya kwanza London mwaka 1927, aliendelea kucheza na wanaume miaka yote, na miongoni mwa aliowafunga yumo Max Euwe, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia.

Wanaotaka taji lifutwe humtanguliza Judit, na wana haki. Alifika nafasi ya 8 duniani, reitingi yake (alama za kupima nguvu ya mchezaji) ikagonga 2735, akamfunga Kasparov, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, mwaka 2002 katika mchezo wa muda mfupi, na hakuwahi kugombea taji la wanawake hata mara moja. Yeye mwenyewe ametetea hadharani kwamba kuwatenga wanawake kunawapunguzia malengo. Lakini mtazameni alivyokuzwa. Mabinti watatu wa Polgar walisomeshwa nyumbani, na baba yao alishaamua mapema kwamba watalelewa wawe mabingwa. Hiyo ni familia moja ya Budapest. Familia ya aina hiyo haipatikani kwa agizo la shirikisho, na sera ya dunia nzima haiwezi kujengwa juu ya baba mmoja. Tena Susan, dada mkubwa wa Judit, taji la wanawake alilitaka na akalitwaa mwaka 1996.

Mimi mfano ninaoushika ni Georgia. Nona Gaprindashvili alitwaa taji mwaka 1962, akalishika hadi 1978. Aliyemvua ni Maia Chiburdanidze, binti wa miaka 17, naye pia Mgeorgia, akakaa nalo hadi 1991. Hesabuni: miaka 29 taji la dunia halikutoka katika nchi ndogo kiasi hicho. Huko mabinti walikua wakijua kabisa kwamba chesi ni kazi ya mwanamke, kwa sababu bingwa walikuwa naye nyumbani, jina lake na sura yake wanaijua. Uhuru kutoka Umoja wa Kisovieti ulipokuja, timu ya wanawake ya Georgia ilichukua Olimpiadi ya chesi, mashindano ya timu za mataifa, mara tatu mfululizo: 1992, 1994 na 1996. Na huyo Nona, mwaka 1978, ndiye mwanamke wa kwanza kupewa cheo cha grandimasta, kikubwa kuliko vyote, kile kile cha wote. Taji la wanawake halikumbakiza chini.

Aliyemvua Maia mwaka 1991 ni Xie Jun wa China. Miongoni mwa waliolitwaa baada yake wamo Zhu Chen, Xu Yuhua, Hou Yifan, Tan Zhongyi na Ju Wenjun, Wachina watupu. Mwanaume wa China alikuja kuwa bingwa wa dunia lini? Mwaka 2023, Ding Liren. Wanawake walimtangulia kwa miaka 32. Mtu akiniambia taji la wanawake ni la kubembelezana, mimi namuuliza nani alimfungulia nani njia.

Ubora wa mchezo nao usemwe. Julai 2023 Ju alitetea taji dhidi ya Lei Tingjie, nusu ya pambano Shanghai, mji wa Ju, nusu Chongqing, mji wa Lei. Lei alitangulia kushinda, katika mchezo wa 5. Ju akasawazisha katika mchezo wa 8. Wakafika mchezo wa 12, wa mwisho, wakiwa na pointi 5.5 kwa 5.5, na Ju akaushinda. Miezi sita baadaye, huko Wijk aan Zee, Uholanzi, akiwa miongoni mwa vigogo wa dunia, alimfunga Alireza Firouzja. Kisha Aprili 2025 akakutana na Tan. Tan alishinda mchezo wa 2, wakafika pointi 2 kwa 2 baada ya michezo minne, halafu Ju akashinda minne mfululizo. Ikaisha 6.5 kwa 2.5, na michezo mitatu ikabaki bila kuchezwa. Kwenye ngazi hiyo, ambako sare ni jambo la kawaida, kushinda minne kwa mkupuo dhidi ya mtu aliyekuandalia kwa miezi ni kazi nzito mno. Na maandalizi hayo ndiyo yanayomnoa mchezaji. Mchezaji huajiri wasaidizi na kuacha shughuli nyingine zote kwa sababu mbele yake kuna mfuko wa euro 500,000. Uondoe, na hakuna atakayeyagharamia.

Lililokuwa bovu ni mfumo. Kwa miaka mingi taji liligombewa mara kwa mara kwa mtoano, ambako bingwa anaweza kutolewa raundi za mwanzo kwa siku moja mbaya. Hou Yifan alitolewa hivyo mwaka 2012, na mwaka 2016 akajiondoa kabisa kwenye kinyang'anyiro. Alikuwa sahihi. Sasa mgombea anapatikana kupitia mashindano ya wagombea na bingwa anasubiri pambano, kama ilivyo kwenye taji la wote.

Vyeo je? Hapa sina huruma. Grandimasta anatakiwa kufika reitingi 2500. Grandimasta wa wanawake anatakiwa kufika 2300, kiwango ambacho kwenye vyeo vya wote kinakupa cheo cha masta wa FIDE (shirikisho la chesi la dunia), hatua mbili chini ya grandimasta. Yaani jina ni la mkubwa lakini kipimo ni cha mdogo. Pambano la wanawake linasema wazi: huyu ndiye bora kati ya hawa. Ni kweli tupu. Cheo kinasema "wewe ni grandimasta", halafu kinanong'ona "wa kike". Na unong'ono huo unashuka hadi ngazi za chini. Nimeshuhudia hapa Dar, mashindano ya vijana, zawadi ya "binti bora" ikitolewa kwa mtoto aliyepoteza karibu kila mchezo, kwa kuwa mabinti walikuwa wawili tu. Aliipokea akiangalia chini. Angepewa michezo zaidi na mwalimu, angefaidika kuliko lile kombe la plastiki.

Najua nitajibiwa na Phiona Mutesi, binti wa Katwe, Kampala, aliyepata cheo cha wanawake kwa matokeo yake kwenye Olimpiadi ya Istanbul mwaka 2012, na Uganda nzima ikamjua. Ni jibu zito. Lakini tuangalie kilichomfikisha Istanbul. Ni kiti katika timu ya wanawake ya Uganda. Kiti kilikuwepo kwa sababu kuna mashindano ya wanawake. Cheo kilikuja baadaye.

Anayetaka vyote vifutwe anijibu: fedha za pambano zikiondoka, binti wa reitingi 2400 anayeishi kwa chesi atakula wapi, wakati pambano la wote la Singapore lilikuwa na dola milioni 2.5 na yeye hayumo? Na anayetaka vyote vibaki aniambie kwa nini 2300 iitwe ugrandimasta. Karibuni.