Saa 40 za mafunzo, na nani ana haki ya kukataa lengo?

Wandugu, naleta hoja, msininunie. Huu ni mwaka wangu wa tatu Marekani nikiwa teknisheni wa tabia kwa watoto wenye usonji, yaani ninakaa na mtoto ana kwa ana nikimfundisha kufikia malengo yaliyoandikwa kwenye mpango wake. Ili usajiliwe uwe na miaka 18, umemaliza sekondari, umepita mafunzo ya saa 40, umepimwa kwa vitendo, kisha ufanye mtihani. Ukianza kazi, msimamizi anatakiwa akusimamie angalau asilimia 5 ya saa zako kila mwezi. Ukifanya saa 100, zake ni 5. Zilizobaki ni wewe na mtoto.

Wengi hulalamika kwamba saa 40 ni chache. Mimi sigombanii hapo. Kuhesabu tabia, kugawa kazi ya kupiga mswaki katika hatua ndogondogo, kumpa mtoto akipendacho mara tu anapofaulu, hayo yanafundishika. Kinachonikera ni kwamba malengo huandikwa na mwingine, mimi ni wa kutekeleza. Nilipewa mtoto wa miaka minne, lengo aache kupepea mikono. Alikuwa akipepea akifurahi. Kila akianza namshusha mikono, naweka alama kwenye kishikwambi. Wiki ya tatu mstari wa grafu ulikuwa umeshuka, nikapongezwa. Kucheka nako kulikuwa kumepungua, ila hakukuwa na mahali pa kuandika hilo. Nilipouliza nikajibiwa: fuata mpango.

Je, teknisheni awe na haki ya kukataa lengo?

MZAZI: Hapana. Wangu alikuwa akijigonga kichwa ukutani mpaka damu, na hakuweza kusema ana kiu. Teknisheni ndiye aliyemfundisha kutoa kadi ya picha akitaka maji. Mwaka jana tumebadilishiwa mateknisheni wanne. Kila mmoja akija na anachokitaka na anachokikataa, mwanangu atashika lipi?

MSIMAMIZI: Naungana na mzazi kwa hilo la mwisho. Leo mtoto anazuiwa, kesho anaachwa, anazidi kuchanganyikiwa. Mpango hubadilishwa, lakini kwa data. Ila nikiri: malengo ya kuzuia kupepea mikono na ya kulazimisha kutazama machoni mengi yanaandikwa kwa mazoea. Mimi nimeacha kuyaandika.

MWENYE USONJI: Mazoea hayo yana chanzo. Utafiti wa 1987 wa mwanasaikolojia Lovaas kuhusu tiba hii ya tabia ndio unaotajwa kila mara: watoto 19, saa 40 za tiba kwa wiki, na 9 kati yao wakafikia kiwango cha kawaida cha akili na masomo. Husikii sana kwamba watoto hawakugawanywa katika makundi kwa bahati nasibu, wala kwamba mtoto aliweza kukemewa kwa sauti kubwa na hata kuchapwa kofi la paja. Kipimo kilikuwa kufanana na wengine. Mimi nilifundishwa kutazama watu machoni na nikafaulu. Mpaka leo nikikutazama machoni, sisikii unachosema.

TEKNISHENI (mleta hoja): Mzazi, kujigonga kichwa hakuguswi na hoja yangu, hilo lizuiwe leo kabla ya kesho. Ninaomba kitu kidogo tu: lengo la kuzuia tabia isiyomdhuru mtoto wala mwingine, niweze kulisimamisha mpaka msimamizi aje akae chumbani, amwone mtoto mwenyewe, si grafu. Na wewe msimamizi unasema nilete data. Data gani, wakati fomu inauliza idadi ya kupepea peke yake?

MSIMAMIZI: Hilo umenipata. Fomu naitengeneza mimi, na safu ya furaha sijawahi kuiweka. Lakini kusimamisha lengo bila kunipigia simu kwanza, bado sikubali.

MZAZI: Mnapigiana simu ninyi wawili. Mimi nitaambiwa lini?