MJADALA: Rafiki Mhindu akikualika Holi, uende au ubaki nyumbani?

Mwanzisha mada:
Ndugu zangu, Machi ikikaribia swali hili hurudi, hasa kwa vijana wetu wanaosoma India na kwa sisi tunaokaa jirani na Wahindu Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Rafiki anakualika Holi, sikukuu ya rangi. Huyu anasema kwenda ni shirki, yule anasema ni mchezo tu wa kupakana unga. Msimamo wangu nautaja mapema: ukialikwa na rafiki, nenda ukacheze, ibada waachie wenyewe, na pale rangi inapomwagwa kwa asiyeitaka, ondoka.

Wengi wanabishana bila kujua kwamba Holi ina sehemu mbili. Huja na mwezi mpevu wa Phalguna, mwezi wa kalenda ya Kihindu. Jioni ya kwanza huwashwa moto wa Holika. Kisa chake ni cha mfalme Hiranyakashipu aliyetaka aabudiwe yeye. Mwanawe Prahlada akakataa, akabaki na mungu Vishnu. Shangazi mtu, Holika, aliyekuwa na kinga ya moto, akaingia naye motoni. Akaungua yeye, mtoto akatoka mzima. Watu huuzunguka moto huo wakiomba. Hiyo ni ibada, na mimi Mwislamu sina nafasi pale. Rangi ni kesho yake asubuhi. Sidai kwamba asubuhi hiyo haina dini kabisa: Wahindu wengi huihusisha na mungu Krishna na mpenzi wake Radha, na kule Mathura na Vrindavan, miji ya Krishna huko India, watu hurushiana rangi ndani ya mahekalu yenyewe. Lakini uani kwa rafiki, watoto wakikimbizana na bomba za maji, sijaona anayemsujudia yeyote.

Mchangiaji, Tanga:
Ndugu yangu, kwa heshima zote, hapo umeteleza. Mtume amesema anayejifananisha na watu basi ni miongoni mwao; hadithi iko kwa Abu Daud. Sikukuu ya watu huwezi kuikata vipande ukabeba kile kinachokufurahisha. Jirani yangu Mhindu akiugua namtembelea, akifiwa nakwenda kumpa pole. Ujirani umetimia bila mimi kupakwa rangi, na yeye mwenyewe hajawahi kulalamika.

Mchangiaji, Nakuru:
Kwetu Wakristo kuna Paulo, Wakorintho wa Kwanza sura ya 10. Asiyeamini akikualika, kula ulichowekewa bila kuulizauliza. Ila ukiambiwa kimetolewa sadaka kwa sanamu, usile. Nafuata hivyo hivyo. Gujiya, zile sambusa tamu za maziwa, nakula. Chakula kilichotoka mbele ya miungu nakikataa kwa upole.

Mwanzisha mada:
Kaka wa Tanga, hadithi siipingi, na anayebaki nyumbani kwa ajili yake namheshimu. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba Mwislamu aliyewahi kugusa Holi ni wa leo, aliyeharibiwa na mitandao. Dewa, wilaya ya Barabanki katika jimbo la Uttar Pradesh, India, penye kaburi la Haji Waris Ali Shah, walii wa Kisufi, Waislamu na Wahindu hucheza rangi pamoja. Jahangir, mfalme wa Kimughali, ukoo wa Kiislamu uliotawala India, alichorwa akisherehekea Holi na watu wa jumba lake. Tendo la mfalme si dalili ya kisheria, najua. Ila linaonyesha kwamba suala hili Waislamu wa India wameishi nalo kwa karne nyingi, tena kwa njia zaidi ya moja.

Linaloniumiza hasa ni jingine. Machi 14, 2025, Holi iliangukia Ijumaa, tena ndani ya Ramadhani. Katika mji wa Sambhal, huko huko Uttar Pradesh, ofisa wa polisi alisema Ijumaa zipo 52 kwa mwaka, Holi ni moja, asiyetaka rangi abaki ndani. Misikiti ikafunikwa maturubai isirushiwe rangi, na saa za sala ya Ijumaa zikasogezwa. Jamani, mtu aliyefunga anakwenda kuswali, kwa nini yeye ndiye ajifiche? Siku ambayo mwenzako hawezi kukataa, rangi hiyo imekuwa alama ya nani mwenye mji. Holi ya namna hiyo siendi hata nikialikwa na ndugu wa damu.

Na wanawake wanalijua hili kuliko sisi. Kuna msemo wa siku hiyo, "Bura na mano, Holi hai", yaani usichukie, ni Holi. Wapo wanaume wanaoufanya kibali cha kushikashika wasichana. Mwaka 2023, Paharganj, Delhi, kundi la vijana lilimvamia msichana wa Kijapani, wakamkamata na kumpaka rangi kwa nguvu. Video ikasambaa, polisi wakakamata wahusika. Binti yako anayesoma huko, mwambie acheze nyumbani kwa watu anaowajua, mtaani asiende peke yake.

Mchangiaji, Kampala:
Mmeyasahau matamasha ya tiketi yanayoiga Holi. Juni 2015, Taiwan, unga wa mahindi wenye rangi ulirushwa jukwaani ukashika moto. Watu 15 walikufa na mamia wakaungua. Unga ukitanda hewani huwaka kwa cheche moja.

Mchangiaji, Dar es Salaam:
Mimi ni Mhindu, mzaliwa wa hapa hapa. Nimesoma yote, na kaka wa Tanga hajanikera hata kidogo. Asije, nitampelekea peremende siku nyingine. Nyumbani kwetu asiyetaka kupakwa hukaa barazani na wazee, na mtoto anayemrushia maji anakaripiwa. Kwa mtakaokuja: vaeni nguo za kuchakaa, jipakeni mafuta ya nazi nywele na ngozi kabla, maana rangi za viwandani zinang'ang'ania na nyingine zinawasha. Thandai ni maziwa baridi ya lozi na iliki, tamu sana, lakini kwa baadhi ya watu hutiwa bangi. Kabla ya kunywa, muulize mwenye nyumba. Hatachukia.