Mikaratusi ya kando ya vijito vya Zigi: ikatwe au iachwe?

MwanaZigi
Wakuu, asalaam aleikum. Jumamosi iliyopita kijijini kwetu, tarafa ya Amani, Muheza, kulikuwa na mkutano wa kijiji. Ajenda ilikuwa moja: mikaratusi yote iliyo ndani ya mita 60 kutoka kwenye vijito vinavyoshuka Mto Zigi ikatwe. Hizo mita 60 zimo kwenye Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Wenye miti walisimama, nusura watu washikane mashati. Mimi nasema ikatwe. Nikiwa darasa la tatu, kwenye chemchemi ya mama tulikuwa tunazamisha ndoo nzima mara moja. Februari hii nimechutama pale na kata ya kifuu: nachota moja, nangoja maji yajikusanye, nachota nyingine. Juu yake kuna mikaratusi kama arobaini, ina miaka 11. Na maji haya ndiyo yanayokwenda bwawa la Mabayani, kisha kwenye mabomba yenu nyie wa Tanga mjini. Naomba maoni.

Mwenye_Shamba
Mleta mada, mpe pole mama. Mimi ni mmoja wa hao waliosimama. Nina ekari mbili na nusu. Iliki nililima tangu enzi za marehemu baba, ikachoka pamoja na udongo wake. Mkaratusi ndio ulionilipia ada ya binti mpaka chuo. Ukiukata unachipua wenyewe, hununui mche mara ya pili. Kuni za kukaushia chai zitoke wapi, msitu wa asili? Watu wanaudharau mti huu kwa sababu ya maneno ya mafundi wa mjini. Hawana subira, wavivu. Leo gogo limeanguka, kesho kenchi, keshokutwa wanalia mbao imepinda.

Fundi_Ngamiani
Nilikuwa napita tu, lakini hilo la uvivu siliachi. Nina miaka 22 kwenye useremala. Mwaka juzi mteja kaniletea magogo ya mkaratusi nimtengenezee milango. Tulianza kupasua baada ya sala ya alfajiri. Msumeno haujafika katikati, gogo likalia kwa! likafunguka vichwani lenyewe. Ubao wa kwanza ulipotoka ukajikunja kama upinde. Hata hivyo nikazipanga kivulini, vijiti katikati ya kila ubao, mawe juu, miezi sita. Usiku ukilala karibu na karakana unazisikia zikipasuka. Kati ya mbao 30 nilipata 13 za kutumia. Kwenye nyufa kuna utomvu mwekundu ulioganda, unaua makali ya randa. Msumari usipotoboa kwanza unapinda. Aliyeuza miti alilipwa siku ile ile, hasara nikabaki nayo mimi na watoto wangu. Usiniite mvivu, bwana.

Msitu_Ni_Uhai
Fundi, kilichokupata kina sababu yake. Mkaratusi ukiwa umesimama, tabaka za nje zinavutwa na kiini kinabanwa. Vinashikana hivyo miaka yote. Ukipitisha msumeno unafungua ule mkazo, ndiyo maana gogo linapasuka na ubao unakimbilia nje. Gogo jembamba ndilo balaa zaidi. Wanaojua kazi hupaka vichwa rangi nzito au nta mara tu mti unapoanguka, hupasua gogo likiwa bichi, tena huligeuza kila wakati ili pande zote zipungue sawasawa. Halafu tuseme ni mkaratusi upi. Asili yake ni Australia, na aina zake zinapita 700. Grandis ni mwepesi, una rangi ya waridi. Camaldulensis ni mwekundu, mzito, mgumu. Kusema "karatusi" tu ni kama kusema "samaki" bila kusema changu au papa.

Fundi_Ngamiani
"Wanaojua kazi." Kwa hiyo mimi sijui? Njoo Ngamiani uniulize mlango gani wa msikiti wa mtaani kwetu sikuutengeneza mimi.

Msitu_Ni_Uhai
Kaka, sikukusudia hivyo. Nilisema kuhusu magogo.

Nahodha_Tongoni
Nyie mnagombania milango. Kuna sehemu za bara mti huu unaitwa mlingoti, na jina hilo limeufaa: unakwenda juu bila kona. Mlingoti wa ngalawa yangu ni mkaratusi, na bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao, huwa wanaanzia kwenye ile sehemu nyeupe ya nje, kiini hawakiwezi upesi. Nachonga nyeupe yote, napaka sifa, yaani mafuta ya papa, natweka tanga. Boriti za mikoko siku hizi hukati hovyo. Na nyie mnaojenga maghorofa Chumbageni, bila mirunda ya mkaratusi zege lenu lingeshikiliwa na nini?

Bi_Kisosora
Wanangu, niseme moja kuhusu nguzo. Nguzo za umeme za mkaratusi hutiwa dawa ya shaba, kromi na aseniki, ndiyo maana zina ule ukijani. Nimeona kwa macho yangu mtu anachanja kipande cha nguzo chakavu apikie maharage, watoto wamezunguka jiko. Aseniki ni sumu, na moshi na majivu yake ni sumu vilevile. Nilimwaga lile sufuria mbele ya mwenyewe na akaninunia mwezi mzima. Potelea mbali. Msipikie vipande vile.

MwanaZigi
Ahsante Bi mkubwa. Lakini jamani, nimeuliza kuhusu maji. Mpaka sasa tuna milango, milingoti na maharage.

Mwalimu_Pongwe
Nikurudishe kwenye maji. Afrika Kusini kuna mahali panaitwa Mokobulaan, walipanda mikaratusi kwenye bonde zima wakawa wanapima kijito. Mwaka wa tisa kijito kilikauka kabisa. Miti ikakatwa ikiwa na miaka 16, na maji yalichukua miaka mitano kurudi kutiririka mwaka mzima. Hata Kenya, waziri wa mazingira Michuki mwaka 2010 aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye vyanzo vya maji.

Mwenye_Shamba
Ilikuwa 2009, mwalimu. Na hadithi ya Mokobulaan umeikata nusu. Bonde la jirani walipanda misindano, na lenyewe lilikauka, mwaka wa 12. Mbona hakuna anayesema misindano ya Shume ing'olewe? Mti wowote unaokua haraka unakunywa, na huu unakua haraka kuliko mingi. Kosa ni kuupanda mguuni mwa maji, sikatai. Lakini mleta mada, kabla hujanyoosha kidole kwetu: ile arobaini iliyo juu ya chemchemi ya mama yako alipanda nani? Si mzee wako mwenyewe? Nilikuwepo. Nilimsaidia kuchimba mashimo.

MwanaZigi
Ndiyo, ni baba. Alipewa miche bure, akaambiwa utajiri wa wajukuu. Alibeba maji ya kuimwagilia kutoka chemchemi hiyo hiyo, kwa mti begani, ndoo mbili mbili. Amekufa mwaka wa nne sasa, hawezi kujibu humu. Usimtumie kunishinda mimi. Na ndiyo sababu sikuanza na shamba lako. Naanza na yetu, mama ameridhia. Ninachotaka kujua, visiki nitavifanyaje? Nikikata tu, masika ikinyesha vitachipua na kunywa upya.

Msitu_Ni_Uhai
Siku hiyo hiyo ya kukata, menya gome la kisiki lote mpaka usawa wa ardhi, usibakize hata ukanda, kisha fukia udongo. Machipukizi yanatoka kwenye gome. Kitakachochipua kivunje kikiwa kidogo, urudie. Na mwambie mama asitegemee ndoo kuzama masika hii. Inaweza kuchukua miaka.

Mwenye_Shamba
Kumtaja mzee nimekosea, nisamehe. Alikuwa rafiki yangu. Panga la kumenyea ninalo, na vijana wawili. Hayo magogo usiyauze kama kuni, ni hasara.

Fundi_Ngamiani
Unene wake ukoje? Miaka 11 ni mti mdogo kwa mbao, ameeleza mwenyewe mtaalamu kuhusu gogo jembamba.

MwanaZigi
Kama kumi hivi sikumbatii nikaikamilisha. Iliyobaki ni ya mirunda.

Fundi_Ngamiani
Hiyo kumi nakuja mwenyewe. Nitabeba rangi ya kupaka vichwani na msumeno, tupasue siku ile ile kabla jua halijaikuta. Mwenye Shamba awepo toka gogo la kwanza, asikie linavyolia. Miezi sita ikipita aje Ngamiani tuhesabu pamoja, ubao kwa ubao, kisha anirudishie lile neno lake.

Mwenye_Shamba
Nitakuwepo. Ukipata zaidi ya 13 kwa 30 nalirudisha hapa hapa, mbele ya wote.

Nahodha_Tongoni
Mleta mada, kabla hawajapitisha msumeno, niwekee mmoja wa futi 24, ulionyooka, usio na fundo. Nauli ya kuushusha mpaka Tongoni juu yangu.