Naomba ushauri: hema kulowa kwa ndani kando ya ziwa

Habari zenu wanajamii. Tunatarajia kurudi na watoto kwenye eneo la kambi lililo kando ya ziwa, ndani ya msitu wa taifa huko Marekani, ambako hema husimamishwa kwenye kiwanja kilichotengwa tu, hivyo kulihamishia sehemu ya juu haiwezekani. Usiku hewa baridi hushuka na kutulia karibu na maji, na ifikapo alfajiri matone huwa yamejipanga kwenye mshono wa paa, yakidondokea mifuko ya kulalia hata kama mvua haikunyesha. Watoto huamka wakitetemeka, jambo linaloniumiza sana.

Nimejaribu kufungua madirisha ya juu na kuacha nguo mbichi nje. Kufungua mlango wote hupunguza matone, ila baridi huzidi. Jiko la gesi sitaliwasha ndani kamwe, kwa sababu ya moto na sumu ya kaboni monoksidi, kwa hiyo naomba pendekezo hilo tuliweke kando.

Je, mlango uelekee ziwani au upande wa miti, ili hewa ipite bila kuwapuliza waliolala? Na turubai la juu livutwe mbali kiasi gani na hema lenyewe? Natanguliza shukrani.