AMETUPA PAMPU YA MWANANGU KWENYE NDOO YA TAKA, MTOTO ANAANGALIA!

MamaKitinda

Wadau, naandika nikiwa kwenye benchi la muuza maandazi, nje ya geti la huyo daktari. Mikono inatetemeka, herufi zikipinduka mnivumilie.

Simtaji. Wa Mbagala wote mnamjua. Yule wa kalamu nne mfukoni, ambaye hata ukienda umevunjika mguu anakuandikia amoksilini.

Ameichukua pampu ya binti yangu ya pumu akaitupa kwenye ndoo ya taka.

Ile ya kahawia. Nimeinunua Ijumaa 22,000, boksi lake bado limo kwenye mkoba. Akaishika kwa vidole viwili kama kashika panya aliyeoza, akasema, "Mama, hizi ni za wazee walioshindikana, unamzoesha mtoto, moyo utapanuka." Akakanyaga kile cha chini, mfuniko ukainuka, pwaa! Mfuniko ukashuka. Mtoto wa miaka 9 akanigeukia, kifua kinapiga filimbi, macho yamemjaa maji.

Tangu Jumapili analala amekaa. Jana usiku hamalizi sentensi, maneno mawili anavuta pumzi, nyama za chini ya mbavu zinabonyea ndani, pua zinapanuka. Nikampa pampu yake ya bluu, ya kufungua kifua, akatulia, alfajiri kikarudi. Nikasema twende hapa karibu wamsikilize kifua, wampime oksijeni. Saa tatu za foleni, wanangu! Nimeingia hapo mtoto ana meno ya utoto nikatoka ana magego.

Hakumsikiliza. Kipimo cha kusikilizia kilikuwa kimening'inia shingoni mwake kama mkufu wa bi harusi. Kile cha kubana kidoleni kilikuwa mezani, kimelaliwa na mafaili. Hakuuliza anakohoa usiku mara ngapi, hakuuliza akikimbia na wenzake inakuwaje, hakuuliza ya bluu ameivuta mara ngapi wiki hii wala kama anajua kuivuta. Bibi yake mzaa baba alikuwa na pumu, nilitaka kumwambia. Kalamu ilishaanza kukimbia: sindano ya aminofilini, vidonge vya salbutamol, amoksilini, sirapu ya kikohozi, picha ya kifua. 48,000! Ndipo akaiona pampu mkononi mwangu.

Na huyu mtoto siyo wa kubahatisha. Mwezi wa tatu alipimwa hospitali kubwa. Nesi alimpa kile kibomba chenye mshale cha kupima nguvu ya pumzi, akapuliza mara tatu, wakachukua ya juu, 150. Wakampulizia ya bluu, tukangoja dakika 15, akapuliza tena: 200. Nesi akaniambia, "Umeona mama? Njia zilikuwa zimebana, dawa imezifungua. Ya bluu inafungua tu. Uvimbe wa ndani unatulizwa na hii ya kahawia, asubuhi na jioni, hata siku anayocheza rede." Tukalala miezi miwili bila kuamshwa na kikohozi. Kisha ya kahawia ikaadimika madukani kwetu wiki tatu nzima, na ndiyo haya yametukuta. Ijumaa nimeipata, nimeikumbatia dukani kama nimempata mtu aliyepotea.

Leo iko ndooni. AMEKANYAGA, UKAINUKA, AKATUPA.

---

Kobe wa Tandika

Na wewe ulikuwa umekaa unamwangalia? Si ungeitoa tu ukaondoka nayo? Uzi mzima kwa ndoo ya kukanyaga.

MamaKitinda

@Kobe nimeinama! Mle ndani kuna pamba zenye damu, glovu na ganda la ndizi. Niitoe nimwekee mtoto mdomoni?

Kobe wa Tandika

Ganda la ndizi? Kumbe saa tatu za foleni mtu alikuwa anakula ndizi.

Mzee wa Kivuko

Huyo huyo alinishonea mkwe wangu kidole huku anaangalia mpira. Dakika ya tisini akasimama na sindano imening'inia kwenye nyama.

Bint Pwani

Pole dada. Habat soda na asali, kijiko kimoja alfajiri. Mwanangu alipona kabisa, hizo pampu ni biashara.

Nesi wa Zamu

@Bint Pwani asali ale kwenye mkate. Kifua kikishabana hivyo, haifungui kitu. Nisikilizeni, mimi nipo wodi ya watoto.

Pampu haimzoeshi mtoto. Dawa inakwenda moja kwa moja kwenye njia za hewa, kwa hiyo inatosha kidogo sana. Vidonge vya salbutamol, dawa ile ile ya pampu ya bluu, vinazunguka mwili mzima kwanza, vinachelewa, vinatetemesha mikono na kupeleka moyo mbio. Huo moyo anaouogopa anausumbua yeye kwa vidonge vyake! Aminofilini nayo, kipimo kinachosaidia na kinachodhuru vimekaribiana mno. Amoksilini haitibu pumu.

Mama, akibanwa tena: ya bluu, itikise, mpulizo mmoja mmoja kupitia chupa, kila mpulizo avute pumzi tano au sita. Kwa umri wake mipulizo 4 mpaka 10, unaweza kurudia kila dakika 20 ndani ya saa ya kwanza, lakini uwe tayari uko njiani. Akishindwa kuongea au midomo ikibadilika rangi, usingoje hata bodaboda ya bei nafuu. Mtoto wako leo alitakiwa apewe prednisoloni ya kutuliza uvimbe na apimwe oksijeni, siyo picha. Ondoka hapo kwenye maandazi sasa hivi!

Fundi Chupa

Nesi, chupa ipi? Ile ya dukani kwetu waliniambia bei ya kuku wawili.

Nesi wa Zamu

Chupa ya maji ya nusu lita. Toboa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa pampu, ichomeke, ziba pembeni kwa gundi hewa isitoke, mtoto anavutia kwenye mdomo wa chupa. Cape Town waliwahi kuipima kwa watoto waliobanwa, ikachapishwa kwenye jarida la kitabibu The Lancet mwaka 1999: chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na ya dukani. Kikombe cha plastiki ndicho kilichoachwa mbali. Na ile ya kahawia akimaliza asukutue na ateme, asije akapata fangasi za mdomo.

Kidato cha Tatu B

Afadhali yako ilitupwa, unajua ilipo. Yangu matroni aliifungia kabatini, eti hairuhusiwi dawa bwenini, funguo akasafiri nazo msibani. Nikabanwa saa nane usiku. Wenzangu wanne walivunja kabati kwa chepe. Asubuhi tukaitwa ofisini SISI, wazazi wetu wakalipishwa kabati.

Kobe wa Tandika

Hahaha chepe! Sasa huu ndio uzi.

Nesi wa Zamu

@Kidato mwanangu, una miaka mingapi? Kama umefika 12 na una ya bluu peke yake, rudi kliniki. Tangu 2019 miongozo ya GINA, ile ya kimataifa ya pumu, haitaki kijana aishi kwa ya bluu tu, lazima apate na ya kutuliza uvimbe. Na pampu inakaa mfukoni mwako, siyo kabatini kwa mtu.

Kidato cha Tatu B

15. Ya bluu tu. Mwalimu wa michezo ananiita Bibi Harusi kwa sababu nakaa kivulini.

Mzee wa Kivuko

Walimu wa michezo msinikumbushe. Wa kwetu alikuwa anatukimbiza mpaka kisimani ili tumchotee maji.

Baba Wapangaji

Tatizo la kifua siyo daktari, ni jirani. Kwangu mpangaji wa chumba cha mbele anawasha mkaa koridoni, usiku anachoma dawa ya mbu, asubuhi anachoma taka. Watoto sita wanakohoa kama kwaya. Nimwambie nini mtu ambaye kodi hajalipa miezi minne?

Bint Pwani

Mtoe.

Baba Wapangaji

Ana mkataba.

Kobe wa Tandika

Mwenye nyumba unashindwa na mkataba ulioandika mwenyewe?

MamaKitinda

Wadau, nimemsikiliza Nesi, tuko hospitali ya serikali. Oksijeni asilimia 92. Wamempa ya kuvaa puani, wamempulizia mara tatu kupitia chupa, wamempa prednisoloni, sasa anaongea. Hela ya picha sikulipa. Dokta huku, binti mdogo tu, ameinama akamsikiliza mbele na mgongoni, akamwambia avute pampu yake ya bluu amuone anavyovuta. Mwanangu kaikumbatia kwa mikono miwili, hataki kumpa. Ananiuliza kwa sauti ndogo, "Mama, na huyu ataitupa?" Ndoo ya kukanyaga ipo pembeni ya kitanda. Hana macho na kitu kingine, anaiangalia hiyo ndoo.

Mzee wa Kivuko

Hiyo ya puani mliilipia? Kwetu mwaka juzi niliambiwa nisubiri mhasibu atoke kula.

Kobe wa Tandika

Ndizi?

Baba Wapangaji

Jamani sijajibiwa. Mkataba unaisha mwezi wa kumi na mbili, je naweza kumzuia mkaa koridoni kabla ya hapo? Kuna mwanasheria humu?

Bint Pwani

Fungua uzi wako. Halafu na mimi nina mpangaji mwenzangu anafuga kuku bafuni.

Baba Wapangaji

Wangapi?

Bint Pwani

Kumi na mmoja, na jogoo.